Bathdei ya Kwanza si ya Mtoto

Nitasema kitu, na najua kuna marafiki zangu wawili wanaofanya biashara ya mapambo ya sherehe hapa Kitengela ambao wataninunia wiki nzima: bathdei ya kwanza ya mtoto si ya mtoto. Ni yetu. Mtoto wa mwaka mmoja hajui Januari wala Juni. Hajui kwamba lile tao la baluni limekodishwa na linarudishwa saa kumi na mbili jioni. Mpe keki ya elfu tatu pamoja na boksi iliyokuja nayo, atachagua boksi. Na ataitafuna.

Lakini bado nasema tusherehekee, tena kwa kelele. Mtoto amemaliza mwaka mzima na yuko hai, hicho si kitu kidogo. Watu walisherehekea watoto kabla keki haijafika huku. Kule Pwani kuna akika: siku ya saba mtoto ananyolewa, mbuzi anachinjwa, nyama inagawiwa majirani na wasiojiweza. Majirani zetu Wamaasai wakimpa mtoto jina, mama na mtoto wananyolewa nywele. Wakikuyu walipiga vigelegele mtoto akizaliwa, vitano vya mvulana, vitatu vya msichana. (Akika nayo ni mbuzi wawili wa mvulana na mmoja wa msichana. Ona vile sisi wasichana tunakatwa hesabu tangu wiki ya kwanza, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.) Kwa hizo zote, watu walikula na mtoto akabaki na kitu: jina, baraka, ukoo. Sisi tumebaki na tao la baluni.

Kama hujui Kisaju, ni ukitoka Kitengela ukielekea Isinya kwa barabara ya Namanga. Nyumba zinaota katikati ya nyasi, moja hapa, moja kule, na kuna asubuhi unaamka unapata punda milia wamesimama nyuma ya ua kama wapangaji wapya. Mvua ikinyesha udongo mweusi unashika viatu mpaka unarudi nyumbani umerefuka. Ikikauka ni vumbi na upepo. Tunaishi hapo watu wanne: mathe, dada yangu mkubwa, mimi, na msichana wa dada. Dada anafanya kazi kiwanda cha nguo huko EPZ Athi River. Anatoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi, anarudi giza limeingia. Mimi ndiye niko nyumbani nikiedit video, kwa hivyo mchana mtoto ni wangu. Na hata kwa mila, mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, sihitaji kueleza zaidi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Dada aliporudi kazini mtoto alikuwa anaachwa dekea ya mtaani. Simlaumu mama wa pale sana. Alikuwa na watoto kumi na wanne na mikono miwili. Kila mtoto alipewa uji kwa chupa, chuchu ya chupa imekatwa tundu kubwa kwa wembe ili uji upite haraka. Ukiuliza mtoto amekula nini, unaambiwa, "Amemaliza chupa mbili!" Na unafurahi, kwa sababu chupa mbili zinasikika kama chakula kingi.

Kisha ikafika miezi tisa, ile kliniki ya chanjo ya surua. Nilimpeleka mimi na dada. Nesi akampima, akaweka nukta kwenye ile chati ya kijitabu cha mama na mtoto, akaunganisha na nukta ya mwezi uliotangulia. Mstari ambao ulikuwa unapanda tangu azaliwe ulikuwa umelala. Haukuwa umeshuka, umelala tu, kama mtu aliyechoka kupanda ngazi. Akatoa ule utepe wa kupima mkono. Kama hujawahi kuuona, ni utepe wenye rangi tatu unaozungushwa katikati ya mkono wa juu wa mtoto. Kijani ni kuanzia sentimita 12.5 kwenda juu. Manjano ni kati ya 11.5 na 12.5. Nyekundu ni chini ya hapo, na nyekundu maana yake mtoto yuko hatarini sasa hivi. Wetu alisomeka 12.3.

Dada hakusema kitu. Alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku kazini na alikuwa bado amevaa beji.

Nesi hakutukaripia, na namshukuru kwa hilo mpaka leo. Aliuliza mtoto anakula nini, akasikia habari ya chupa, akaitisha kijiko. Akatuambia hivi: mkipika uji, chota, inamisha kijiko. Ukimwagika kama maji, mmempa maji. Ukikaa kwenye kijiko, mmempa chakula. Halafu akatupigia hesabu ambayo sikuwahi kuisikia shuleni. Tumbo la mtoto mdogo linabeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Wetu alikuwa na kilo saba na kidogo. Hiyo ni kikombe kimoja cha chai. Ukikijaza uji mwepesi, tumbo limejaa, mtoto ametulia, na hajapata kitu. Ndiyo maana anaweza kumaliza chupa mbili kila siku na bado mstari ulale.

Tangu siku hiyo dekea ikaisha na mimi nikawa mpishi. Nitawaambia vile tulifanya, kwa sababu najua wengi wenu mko na ndugu wadogo, au mko na watoto wenu na mnaona aibu kuuliza.

Kwanza, ule unga. Hapa Kitengela ukienda kusagisha unga wa uji wa mtoto, utauziwa mchanganyiko wa kila kitu: mahindi, mtama, wimbi, soya, njugu, omena, mihogo, mbegu za malenge, sijui nini. Kadiri vitu vinavyozidi ndivyo unavyoonekana unampenda mtoto. Shida ni kwamba uji unachemka dakika chache, soya na maharagwe yanataka kuiva zaidi ya hapo. Omena ikikaa kwenye unga wiki tatu mafuta yake yanaharibika. Mtoto akitoka vipele hujui ni kipi kati ya vitu kumi. Na njugu au mahindi yaliyoshika unyevu yanaleta kuvu ya aflatoksini, ambayo haiishi kwa kuchemsha. Usifikiri ni hadithi: mwaka wa 2004 watu 125 walikufa hapa Kenya kwa mahindi ya aina hiyo, hasa pande za Makueni na Kitui. Makueni tunapakana nayo.

Sisi tunasaga wimbi peke yake, kavu, safi. Vile vingine vinaingia wakati wa kupika. Siku moja ni yai lililopigwa, unalimimina polepole ukikoroga mpaka liive. Siku nyingine ni parachichi lililopondwa, uji ukishapoa kidogo. Au omena: kata vichwa, osha kwa maji moto, kausha kwenye kikaango bila mafuta, saga kwa mchi, kijiko kimoja kinatosha. Uji unanuka ziwa kidogo, mtoto hajali. Mimi ndiye nilijali.

Pili, chai. Jamani, chai. Sijui nani alituambia mtoto wa miezi minane anahitaji chai ya maziwa na mkate. Kuanzia miezi sita maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena, hasa kwa madini ya chuma, na chai ndiyo inayozuia mwili kuyachukua yale machache yaliyo kwenye chakula. Mathe alibisha hapa. "Nyinyi wote nimewalea na chai." Kweli, mama. Sikujibu, nilimpa kazi ya maini. Maini ya kuku ni bei nafuu, ni laini, yana chuma na vitamini A. Unachemsha, unaponda na kiazi. Mara moja au mbili kwa wiki, si kila siku. Mathe sasa ndiye anayeyaponda na hakuna anayeruhusiwa kuligusa hilo bakuli.

Halafu supu. Tuko Kajiado, mbuzi hapa si habari, na kila mtu atakwambia mpe mtoto supu ya mifupa apate nguvu. Mtoto anapewa maji ya nyama, na nyama yenyewe analiwa na mjomba. Geuza hiyo. Nyama ichemshwe mpaka ijiachilie, ikatwekatwe na kusagwa mpaka iwe kama uzi, ichanganywe na ugali laini. Supu mpe mjomba.

Viazi vitamu tunanunua vile vya rangi ya chungwa ndani, si vile vyeupe. Hiyo rangi ndiyo vitamini A. Kuna watu walifanya kazi ya miaka mingi kuvisambaza Afrika, na mwaka wa 2016 watafiti watatu wa viazi hivi, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda na Jan Low ambaye amefanya kazi hapa Nairobi, walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani. Tuzo ya viazi vitamu! Mimi naona ni haki kabisa.

Maziwa tunaletewa na jirani yetu, mama mzee wa Kimaasai tunayemwita Yeyo. Ule ukame uliopita ulimwachia ng'ombe wawili kati ya kumi na tisa, na bado kila Jumatano anakuja na kibuyu chake, ambacho anakisafisha kwa kijiti cha oloirien kilichowashwa moto, kwa hivyo maziwa yake yana harufu ya moshi mtamu huwezi kuipata kwenye pakiti. Tulimwomba ayachemshe kwanza kabla ya kuyagandisha, kwa sababu ya magonjwa ya mifugo, akatucheka, akayachemsha.

Sasa turudi kwenye bathdei.

Miezi kumi na moja, dada akaja na karatasi. Alikuwa ameulizia Kitengela: mapambo na tao la baluni elfu nane, keki ya kilo mbili elfu nne na mia tano, kasri la kuruka elfu tano na mia tano. Elfu kumi na nane, na hapo watu hawajala. Nikachukua simu nikapiga hesabu mbele yake. Yai dukani kwetu ni shilingi 20. Elfu kumi na nane ni mayai 900. Mtoto akila yai moja kila siku, yanamfikisha karibu miaka mitatu na nusu. Kwa mtoto ambaye miezi miwili iliyopita alikuwa kwenye manjano, nilidhani hapo nimemaliza mjadala.

Dada akaniambia, "Wewe una picha mbili za utotoni. Mimi sina hata moja. Nataka siku moja aone kwamba alitakwa."

Hiyo sikuwa na hesabu yake. Sisi tunaotengeneza video mitandaoni tunapenda kusema watu wanafanya sherehe kubwa kwa ajili ya kujionyesha, na wengine kweli ni hivyo, lakini kuna mtu kama dada, ambaye anashona mashati ya watu wa Marekani siku nzima, anamwona mtoto wake akiwa amelala asubuhi na amelala usiku, na anataka ushahidi. Huwezi kumwambia mtu wa aina hiyo kwamba ushahidi ni mayai.

Mathe ndiye aliyetatua. Akauliza, "Hiyo picha ni ya mtoto ama ni ya baluni?" Kimya. "Kama ni ya mtoto, huyu hapa mtoto, na huyu hapa mwenye simu." Tukakubaliana elfu tatu, kila kitu ndani.

Baluni tulitoa kwa sababu nyingine pia. Upepo wa Kisaju na miba ya mgunga havipatani na baluni. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimeona sherehe ya jirani ikipoteza baluni arobaini kabla mgeni wa kwanza hajafika. Na kipande cha baluni iliyopasuka ni kati ya vitu vibaya zaidi mtoto mdogo anaweza kuweka mdomoni, kwa sababu kinanyooka na kuziba koo. Badala yake tulikata vitambaa vya vitenge vilivyobaki kwa fundi, pembetatu pembetatu, tukavishona kwenye kamba. Upepo ukawa rafiki. Vilipepea jioni nzima na tumeviweka, vitatumika tena.

Keki nilitengeneza mimi, mara mbili kwa majaribio. Hatuna oveni. Unachukua sufuria kubwa nzito, unaweka mchanga safi chini kimo cha vidole viwili, unaweka juu ya jiko la makaa yaliyotulia, unafunika, unaiacha ipate moto dakika kumi na tano. Keki inakaa kwenye sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, ndani ya ile kubwa, juu ya mchanga, na makaa machache yanawekwa juu ya kifuniko. Mchanganyiko: ndizi mbili zilizoiva mpaka zina madoa, kikombe kimoja cha viazi vitamu vya chungwa vilivyochemshwa na kupondwa, mayai mawili, robo kikombe cha mafuta, kikombe kimoja na nusu cha unga wa ngano, kijiko kimoja cha chai cha hamira ya unga, mdalasini kidogo. Hakuna sukari. Chini ya miaka miwili mtoto hahitaji sukari ya kuongezwa, na utamu wa ndizi anauona ni mwingi. Dakika arobaini na tano hivi, ukichoma kwa kijiti kinatoka kikavu. Na usijaribu kuweka asali ukidhani ni afya zaidi kwa mtoto ambaye hajafika mwaka. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi, hata ile asali safi ya barabarani. Baada ya mwaka hiyo hatari inaisha, lakini nayo bado ni sukari.

Ile krimu nyeupe ya juu ndiyo najivunia. Maziwa lala ya Yeyo niliyamimina kwenye kitambaa safi, nikayaning'iniza usiku kucha juu ya beseni, maji yakatoka, asubuhi nikabaki na kitu kizito cheupe kinachopakika. Nusu yake nikachanganya na maji ya bitiruti, ikawa waridi kabisa, hakuna rangi ya dukani inayofikia. Mjomba alionja keki akauliza kwa sauti kama kuna mtu alisahau sukari. Aliambiwa keki yake ni chapati, iko jikoni.

Kabla ya wageni, saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelainika, nilitundika leso ya mathe ukutani nje, nikamweka mtoto chini na keki mbele yake, dada akakaa pembeni. Hiyo ndiyo siri yote ya picha nzuri, jamani: mwanga wa jioni usoni, nyuma pawe pasafi, piga nyingi. Mtoto aliiangalia keki kwa sekunde tano kama mkaguzi wa serikali. Halafu akazamisha mikono yote miwili mpaka kwenye kiwiko. Katika picha ninayoipenda dada ana krimu ya waridi kwenye kope na amefumba macho akicheka, na mtoto anamwangalia yeye, si keki. Nilienda Kitengela nikachapisha nane, kwa sababu simu zinaibiwa na picha zinapotea nazo.

Kliniki ya mwezi huo walimpima tena. Utepe ulisoma 13.1, na mstari kwenye chati ulikuwa umeinuka. Dada aliichukua ile picha akaibandika ndani ya kijitabu, ukurasa unaotazamana na chati. Nesi aliuliza keki ilikuwa ya wapi.

Kwa watoto wakubwa kidogo waliokuja, wa miaka mitatu mpaka saba, tulipika kile ambacho sasa kinaitwa mtaani kwetu chapati za punda milia. Ni chapati za maji. Unagawa mchanganyiko mara mbili, nusu unaweka kakao. Mimina ule mweupe kwenye kikaango, halafu chora mistari ya ule mweusi kwa chupa ya kechapu iliyooshwa. Geuza haraka. Mtoto wa Kisaju anajua punda milia anafananaje, kwa hivyo ukichora mistari vibaya utasahihishwa. Za waridi ni bitiruti, za chungwa ni malenge, za kijani ni terere iliyosagwa, na hapa nawapa siri: watoto wawili ambao mama zao waliapa hawali mboga walikula za kijani tatu tatu. Hakuna aliyewaambia ni terere. Tulisema ni za mamba.

Zawadi za kwenda nazo nyumbani huwa ni peremende. Sisi tulimpa kila mtoto mche wa sukuma kwenye kikombe cha mtindi kilichotobolewa chini, jina lake limeandikwa kwa kalamu. Nilitegemea watalia. Walishindana ni wa nani mrefu. Michezo haikugharimu kitu: kati, brikicho, kuruka kamba, na machungwa yaliyofichwa kwenye nyasi wayatafute. Njugu nzima, bisi na mabuyu tuliyaweka meza ya wakubwa, juu, kwa sababu mtoto mdogo anapaliwa na kitu cha aina hiyo kwa sekunde moja, tena akiwa anakimbia na kucheka.

Kitu kimoja bado kinanisumbua, na hakitatuliwi na keki. Ni maji. Baadhi ya visima virefu vya huku Kajiado vina floraidi nyingi kuliko ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeweka kama kikomo. Angalia meno ya watu waliokulia hapa, utaona yale madoa ya kahawia. Na ujue kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua, floraidi inabaki, kwa hivyo uji wa dakika ishirini unaifanya iwe nzito zaidi. Kila mtu hapa anajivunia kisima chake na hakuna anayeuliza kilipimwa lini. Sisi tumeweka mfereji kwenye bati, maji ya mvua yanaingia kwenye tangi, na hayo ndiyo ya mtoto na ya kupikia. Tangi linaisha Agosti au mapema zaidi. Baada ya hapo tunanunua, na hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote kwenye hii nyumba, kuliko mayai, kuliko chochote kilichokuwa kwenye ile karatasi ya elfu kumi na nane. Ukihamia huku na mtoto mdogo, kabla hujauliza kodi, uliza maji yametoka wapi na yamepimwa na nani. Omba ile karatasi ya maabara uione kwa macho yako.

Jumamosi ijayo nawapikia watoto wa ploti ya nyuma, kuna mmoja anafikisha miaka minne na mama yake ameniambia ana mia nane tu. Mia nane inatosha. Anataka keki ya twiga, na bado sijajua madoa ya twiga nitayatoaje kwenye sufuria ya mchanga. Kama kuna mtu hapa Kisaju ana kikaango kizito cha chuma cha kuniazima, niandikie, nitakirudisha kimeoshwa na chapati mbili ndani.